Moto Ulituachia Kuta, Tingatinga Likazichukua

Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli. Kimefungwa kwa mnyororo kwenye tawi la mwembe, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, na hugongwa kwa boliti kubwa ambayo kiranja wa zamu huificha ili mtu asiichezee. Nilipofika siku ya tatu baada ya moto, mwembe ulikuwa umebabuka upande mmoja, majani yamegeuka rangi ya tumbaku. Chuma kilikuwa palepale. Nilikigonga kwa kokoto, kikalia vilevile kilivyokuwa kikitutoa kitandani saa kumi na moja alfajiri.

Mbele yake lilisimama jengo lisilo na paa. Tuliliita Jengo la Zamani, na sidhani liliwahi kuwa na jina jingine. Lilikuwa na madarasa manne, maktaba upande wa mashariki, ofisi ya mwalimu mkuu upande wa magharibi, na varanda ndefu iliyoyaunganisha yote. Kuta zake zilikuwa za matofali mekundu ya kuchoma, paa la vigae vya Mangalore, vile vilivyokuwa vikivuka bahari kutoka India. Sakafu ya maktaba ilikuwa ya mbao, nayo ilikusengenya hata ukivua viatu. Mlangoni palikuwa na ngazi tatu za mawe zilizolika katikati kama kipande cha sabuni, kwa miguu ya watoto wa vizazi vinne.

Shule hiyo iko kwenye vilima kati ya Kisumu na Kakamega. Jina lake naliacha, kwa kuwa sikuja kumnyooshea mtu kidole, na kwa kuwa ninayoyasema yangeweza kusemwa juu ya shule kongwe nyingi za magharibi mwa Kenya. Hakuna mtoto aliyeumia usiku ule. Wote walikuwa bwaloni kwa masomo ya jioni moto ulipoonekana, na kwa hilo namshukuru Mungu kabla ya neno lingine lolote. Mwenye kuandika juu ya matofali katika nchi hii akumbuke kwanza vijana 67 waliokufa kwa moto katika bweni la shule ya Kyanguli mwaka 2001, na wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha mwaka 2024. Mbele ya misiba ile, jengo ni kitu kidogo.

Ila kidogo si bure. Nilichokiona shuleni kwetu kimenikaa rohoni hadi leo, na kadiri ninavyokitafakari ndivyo ninavyoamini kwamba tunaomboleza majengo haya kwa namna isiyofaa. Tunaulaumu moto kwa kazi ambayo kwa kiasi kikubwa tuliifanya wenyewe. Moto ulikula paa, dari, sakafu, madawati na vitabu. Kuta uliziacha. Ziliangushwa na tingatinga, siku kumi na nne baadaye, mchana kweupe, wazazi na wanafunzi wakitazama.

Nasema kuta zilibaki kwa sababu nilizigusa. Nilizunguka jengo pamoja na mzee aliyekuwa mpishi wetu, ambaye sasa amestaafu na anakaa ng'ambo ya mto. Alikuwa ameokota nyundo ndogo. Akawa anagonga tofali hapa, tofali pale, anasikiliza.

"Sikia hili," akaniambia. "Linalia. Lenye ufa lina sauti ya chungu kibovu."

"Kwa hiyo ni zima, Mzee?"

"Mwanangu, miaka thelathini na mbili nimekaa na moto jikoni. Moto hula cha kulika. Hizi kuta hazikuliwa."

Mzee hakuwa mhandisi, lakini alichosema kina mantiki ambayo fundi yeyote wa tanuri ataikubali. Tofali la kuchoma lilishapita motoni kabla ya kufika ukutani. Liliwekwa tanurini, kuni zikawashwa chini yake, likaiva kwa siku kadhaa mpaka udongo ukabadilika ukawa kitu kingine. Moto wa paa linaloungua ni mkali, lakini kwa ukuta mnene ni mgeni wa saa chache. Jiwe lina tabia tofauti. Itale, yale mawe makubwa yanayobebana kwenye vilima vya Maragoli na Maseno, lina chembe za madini ya kwatsi ndani yake, na kwatsi ikifika nyuzijoto 573 za Selsiasi hubadili umbo na kutanuka kwa ghafla. Jiwe hupasuka. Ukilimwagia maji ya baridi likiwa na moto, ndiyo unalimaliza. Basi siku ile tuliona jambo ambalo macho hayakulitarajia: ngazi zetu za mawe, ambazo tungeapa ni za milele, zilikuwa zimechanika vipande, na matofali ambayo mtu angeyadharau yalikuwa wima.

Sisemi kila ukuta ulioungua ubaki. Chokaa iliyoshika matofali huweza kulegea, vizingiti vya milango hupinda, na ukuta uliokuwa ukishikiliwa na mbao za paa hubaki ukipepesuka kama mlevi aliyepoteza fimbo. Mvua za huku kwetu hazingoji. Hofu ya mwalimu mkuu kwamba ukuta ungewaangukia watoto ilikuwa hofu ya haki, na ningekuwa mahali pake nami ningezungushia uzio siku hiyohiyo. Ninachodai ni kwamba kati ya uzio na tingatinga kuna kazi, na kazi hiyo haikufanywa. Hakuna aliyepima. Hakuna aliyechora. Hakuna mhandisi wa majengo aliyeandika ukurasa mmoja wa kusema huu ubomolewe na huu uachwe. Ukuta wa kwanza ulisukumwa mara tatu kabla ya kukubali kuanguka, na mtu aliyekuwa karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ulikuwa na nguvu."

Kwa nini tunaharakisha hivyo? Hofu ni sababu moja. Nyingine ni aibu, maana jengo lililoungua likisimama kila mpita njia ataliona na kuuliza. Lakini iliyo nzito zaidi, nadhani, ni jinsi tunavyochangisha. Harambee hukusanyika kwa kitu kipya. Mbunge, gavana, chama cha wanafunzi wa zamani, wote huja kwa furaha kukata utepe wa jengo la ghorofa mbili lenye jina ukutani. Sijawahi kuona kibao cha ufunguzi kilichoandikwa kwamba paa limerudishwa juu ya kuta za zamani. Fedha za kukarabati hazina mwenyewe, basi ukarabati nao unakosa mwenyewe, na siku ya kikao cha dharura ya ukarabati haiingii hata kwenye ajenda.

Wapo waliofanya vinginevyo, na hawako mbali. Jengo kuu la Makerere, lililofunguliwa mwaka 1941, liliungua usiku wa kuamkia Jumapili, Septemba 20, 2020. Chuo alichosoma Nyerere na Kibaki, chuo ambacho wazee wengi wa huku kwetu walipanda treni kukiendea, kiliamka paa lake likiwa limeporomoka. Waganda wangeweza kujenga mnara wa vioo na kusema wameenda na wakati. Waliamua jengo lirudi kwa sura ileile, na mwaka 2024 likafunguliwa tena, na saa yake juu. Nawaheshimu kwa uamuzi huo kuliko ninavyoweza kueleza. Waliona kwamba sura yenyewe ni urithi. Hata pale ukuta wa kale unapolazimika kushuka, sura inaweza kurudishwa ikiwa ilihifadhiwa mahali, kwenye michoro, kwenye picha, kwenye vipimo. Sisi hatuna mchoro. Siku ya harambee nilizunguka nikiuliza kama kuna aliye na picha ya jengo zima, na nilichopata ni picha za mahafali: nguzo moja na nusu nyuma ya vichwa vya watu.

Hapa inanibidi nirudi kwenye matofali yenyewe, kwa sababu ndiyo yaliyobeba historia ambayo watu wengi hawaijui. Shule za misheni za huku zilijengwa kwa mikono ya wanafunzi wake. Maseno ilianzishwa na Church Missionary Society mwaka 1906, miaka mitano tu baada ya reli kufika Kisumu, na wanafunzi wa mwanzo walifundishwa kazi za mikono sambamba na kusoma. Mwaka 1908 waligoma. Mgomo ule ndio unaotajwa kuwa wa kwanza katika historia ya shule za Kenya, na kilio chao kilikuwa kwamba kazi za mikono zimezidi, wanataka masomo zaidi. Kila ninaposikia mtu akisema watoto wa siku hizi ndio wameharibika, nawakumbuka wale vijana wa 1908. Hawakuchoma kitu. Walitaka vitabu.

Kwetu, shimo lilikotoka udongo wa matofali bado lipo, nyuma ya uwanja wa mpira. Ni kidimbwi sasa, chura hulia humo usiku. Na kwenye matofali, ukitazama kwa makini, ungeona alama. Nilipokuwa kidato cha pili nilikaa dirishani, na kwenye tofali la tatu chini ya kizingiti palikuwa na vidole vinne, vimeburutwa juu ya udongo mbichi kabla haujachomwa. Niliviweka vidole vyangu humo mara nyingi wakati wa hesabu. Mkono ule ulikuwa mdogo kuliko wangu, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano. Yaani aliyelifyatua tofali lile alikuwa mtoto, amekaa kwenye tope pale nyuma ya uwanja, na kitu pekee alichokiacha duniani ambacho ningeweza kukigusa ni kile.

Vifusi vilibebwa na lori kwenda kujaza mashimo ya barabara ya sokoni. Nilitafuta tofali lile siku mbili. Sikulipata.

Kilichonichoma zaidi, hata hivyo, ni daftari. Waswahili wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo lililokuwa mali. Daftari la kwanza la usajili lilikuwa kwenye kabati la ofisi ya magharibi, jalada la kitambaa cheusi, kurasa ngumu zenye mistari myekundu. Mwalimu wetu wa historia alituonyesha mara moja tu, akiwa amenawa mikono. Jina, jina la baba, kijiji, kanisa, na safu ya mwisho, kule alikokwenda. Wino ulikuwa umegeuka kahawia. Karani, Kisumu. Mwalimu, Butere. Reli. Wengine waliandikwa KEYA, ikimaanisha wamechukuliwa jeshini kupigana vita vya watu wengine Burma na Uhabeshi. Kwenye mstari mmoja safu ya mwisho ilikuwa na maneno mawili: Ameacha. Karo.

Kwa nchi ambayo kwa muda mrefu vijiji vingi havikuandikisha watoto walipozaliwa, daftari kama lile lilikuwa zaidi ya kumbukumbu ya shule. Kwa familia nyingi lilikuwa karatasi ya kwanza kabisa kulitaja jina la babu yao. Wazee walikuja kuliomba walipotaka kuthibitisha umri wao kwa ajili ya pensheni. Watu walikuja nalo akilini katika kesi za urithi wa shamba, kutafuta nani alikuwa baba wa nani. Lilikuwa moja tu, bila nakala. Kila simu iliyokuwa kwenye mfuko wa kila mwalimu wa shule ile ingeweza kulipiga picha kuanzia jalada hadi jalada kwa alasiri moja, na mimi mwenyewe nilifika ofisini mle mara tano au sita nikiwa mtu mzima, nikanywa chai mbele ya kabati lile, nikaondoka.

Cape Town walipata pigo la namna hii Aprili 18, 2021, moto wa mlimani uliposhuka ukaingia maktaba ya Jagger katika chuo kikuu cha mji huo. Ukumbi wa kusomea uliteketea pamoja na sehemu kubwa ya vitabu na filamu za masomo ya Afrika. Lakini milango ya kuzuia moto ilijifunga yenyewe, na sehemu nyingine za maktaba zikasalimika. Huo ni mtambo, na mtambo una gharama. Kwetu sisi hata kabati la chuma lingetosha kuwa mwanzo.

Najua nitajibiwa kwamba majengo haya ya zamani ndiyo hatari, na kwamba yakiondoka watoto watalala salama. Nimelipima jawabu hilo kwa uaminifu, na naona limegeuza mambo. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka mabweni yawe na milango pande zote mbili na wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya mita 1.2. Jengo la Zamani lilipojengwa lilikuwa na milango pande zote na madirisha mapana ambayo mtoto angeruka. Vyuma vya madirishani tuliviweka sisi, baada ya kompyuta kuibiwa. Mlango wa mashariki tuliufunga kwa kufuli sisi, funguo zikawa kwa mtu mmoja. Varanda tuliiziba kwa mabati sisi, ili tupate vyumba viwili zaidi idadi ya wanafunzi ilipopanda, kama ilivyopanda kila mahali baada ya serikali kuamua kila mtoto wa darasa la nane aingie sekondari. Uamuzi huo nauunga mkono. Ila watoto waliongezeka na kuta hazikuongezeka.

Na umeme. Nyaya za jengo lile ziliwekwa kwa ajili ya balbu. Miaka ya karibuni zilikuwa zinabeba mashine ya kunakili karatasi, kompyuta sita, na birika la umeme la ofisini, kupitia kebo za kuunganisha zilizopita darini. Ripoti ilisema moto ulianzia darini, na kwa jengo la aina ile dari ni kama bomba: uwazi mmoja kutoka ukuta wa mwisho hadi ukuta wa mwisho, mbao kavu za karne nzima juu na chini, hakuna kizuizi hata kimoja katikati. Moto ukiingia humo hukimbia kichwani mwa watu kabla hawajauona. Kuweka kuta mbili ndogo za kukata uwazi ule, na kubadilisha nyaya, ni kazi ya mafundi wa wiki chache. Kazi hiyohiyo ingewalinda watoto na ingelilinda jengo.

Tukisikia neno urithi, akili zetu hukimbilia Lamu na Fort Jesus. Lakini hapa kwetu, kule Migori, zipo kuta za Thimlich Ohinga, mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2018 kuwa urithi wa dunia. Mababu zetu walijua kujenga kitu cha kukaa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo litangazwe rasmi kuwa la kuhifadhiwa, na sheria haisemi ni lazima liwe msikiti wa kale au ngome ya Mreno. Shule iliyofyatuliwa matofali na watoto wa kijiji inastahili kuombewa hadhi hiyo. Ombi linaweza kuandikwa na bodi ya shule pamoja na wanafunzi wa zamani, na wakati wa kuliandika ni sasa, paa likiwa juu.

Mwezi uliopita nilikwenda shule nyingine, kama kilomita ishirini kutoka kwetu. Wana jengo la umri ule ule, na vigae vilevile vyenye kuvu ya kijani upande wa kaskazini. Nilimweleza naibu mwalimu mkuu ninachotaka. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama ningekuja Jumamosi, maana siku hiyo wanafunzi wana nafasi na yeye ana funguo za dari. Nikaja na utepe wa kupimia wa mita thelathini, daftari la mistari, na mpwa wangu anayesomea michoro ya majengo chuoni. Naibu alituletea wasichana wanne wa kidato cha tatu. Alikuwa ameshatoa daftari la usajili kabatini, amelilaza juu ya meza kwenye kitambaa safi karibu na dirisha, na mwalimu mmoja wa Kiswahili alikuwa amesimama juu ya kiti akilipiga picha, ukurasa baada ya ukurasa, akisoma majina kwa sauti kila alipogeuza.

Tulianza na ukuta wa mashariki. Msichana mmoja akashika mwanzo wa utepe pembeni kabisa, chini, pale tofali la kwanza lilipokaa juu ya msingi. Mwingine akauvuta hadi mwisho, akachuchumaa, akafuta vumbi kwa kidole ili aone namba.

"Mita kumi na nane na sentimita arubaini," akasema.

"Rudia," mpwa wangu akamwambia, kalamu mkononi.

Akarudia.